Vipande Viwili vya Mkate

Mtoto alisinzia akiwa na kijiko cha siagi mdomoni. Ilikuwa saa mbili kasorobo asubuhi, jua limekwisha kuingia jikoni, na mbele yake kulikuwa na yai moja, kipande cha parachichi na kikombe kidogo cha krimu. Kichwa kiliinama polepole, shavu likaegemea ukingo wa sahani, siagi ikayeyuka na kumtiririka kidevuni. Mama yake akakichomoa kile kijiko, akamfuta kwa kitambaa, kisha akarudi kwenye mizani kupima siagi nyingine, kwa maana kila kilichomwagika kilipaswa kurudishwa.

"Chiriku," alimwita kwa sauti ya chini. "Bado vijiko vitatu, mama."

Baba alikuwa amesimama mlangoni, mfuko wa vifaa vya kazi begani, akiyaona yote hayo. Alikuwa fundi wa kupiga plasta, mtu wa mabega mapana na maneno machache, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameamini kwamba hakuna ukuta usionyooka ukiupa muda na mwiko mzuri. Sasa alimtazama binti yake wa miaka sita akilala juu ya chakula.

"Siku ya nne hii," alisema. "Mtoto anafifia, Mama Chiriku. Wewe huoni?"

"Naona. Waliniambia itakuwa hivi."

"Walikwambia wewe. Mimi naambiwa na macho yangu."

Akaenda zake kazini bila kugusa chai.

Jina la Chiriku mtoto alipewa na majirani, kwa sababu tangu alipojua kutamka hakuwa akinyamaza. Alisimulia ndoto zake kwa mafundi wa baba yake, kwa wateja waliomletea mama yake nguo za kushona, hata kwa mlango uliofungwa. Alipotimiza miaka minne kifafa kikamwingia. Kilianza kwa kumkodolesha macho katikati ya sentensi, kikaishia kumwangusha mara kumi na mbili kwa siku, hadi akavalishwa kofia nene ya mpira hata akiwa sebuleni. Dawa ya kwanza ilimlaza. Ya pili ilimfanya mkali. Ya tatu haikumfanya lolote. Ndipo daktari akasema wajaribu chakula: mafuta kwa wingi, mayai na samaki kwa kiasi, wanga na sukari karibu na hakuna, na kila kitu kipimwe kwa gramu. Mwili ukikosa sukari, alieleza, huanza kuchoma mafuta, na kwa baadhi ya watoto ubongo hutulia.

Mtaalamu wa lishe wa hospitali, mwanamke mwembamba mwenye kuzungumza taratibu, alikaa na mama saa nzima kumtayarisha kwa majuma ya mwanzo. Mtoto angechoka kama aliyebeba mizigo kutwa. Angekirihi chakula, kichwa kingemuuma, choo kingekuwa kigumu au kingepotea kwa siku kadhaa. "Msitishike," alisema, "lakini msinyamaze pia. Nipigieni."

Baba hakuwepo siku hiyo. Alikuwa akimalizia dari ya ukumbi. Mkewe alimsimulia jioni, naye alisikiliza huku akijikwangua saruji kwenye kucha. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Siku ya sita tumbo la Chiriku lilikuwa gumu kama kifuniko cha sufuria. Siku nne zilikuwa zimepita bila choo. Alikaa kwenye kiti chake kirefu cha kujisaidia, miguu ikining'inia, akalia kilio kidogo, kisicho na nguvu hata ya kujipandisha. Baba alikuwa akizunguka sebuleni, akifungua dirisha, akilifunga tena.

"Unamuua mwanangu kwa mafuta," alisema hatimaye.

Mama hakuinua sauti. "Leo ameanguka mara tatu. Wiki iliyopita, mara kumi na mbili kwa siku. Hilo umeliona?"

"Ataangukaje, na hana nguvu hata za kusimama?"

Mama alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta uso anaoufahamu kati ya nyuso za wageni. Kisha akamwinua mtoto, akamvika, akamlaza. Cherehani yake ilikuwa imefunikwa kwa shuka tangu wiki ile ilipoanza, na juu ya shuka yalipangwa madaftari ya hospitali, chupa za mafuta, na vijiti vya kupimia mkojo vilivyogeuka zambarau kila mwili ulipokuwa ukichoma mafuta sawasawa. Aliishi kwa kungojea rangi ile. Mume aliiona kila asubuhi na hakuwahi kuuliza maana yake.

Jumapili alasiri mama alikwenda hospitali kufuata dawa ya kulainisha choo, ile isiyotiwa sukari. Aliacha maelekezo mawili tu: mtoto anywe maji kidogo kidogo, na asipewe kitu kingine chochote mpaka arudi.

Baba alikaa kitandani na Chiriku. Alimpapasa tumbo kwa kiganja kilichochubuliwa na saruji, akiogopa kumkwaruza. Mtoto alifungua macho.

"Baba, kwa nini nimechoka?"

Alikuwa na kumbukumbu tu: yeye mwenyewe mdogo, ametoka kuugua homa, na mama yake ameketi ukingoni mwa kitanda na mkate na chai ya sukari, na uhai ukimrudia tonge kwa tonge. Akasimama. Alikuwa amejinunulia mkate wa kupeleka kazini, akauficha ndani ya mfuko wa vifaa ili usimtamanishe mtoto. Akakata vipande viwili. Akachemsha chai, akatia sukari vijiko vitatu, akakoroga muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Chiriku aliula mkate ule kwa mikono miwili. Alichovya, akafyonza, akalamba vidole. Baada ya nusu saa rangi ilimrudi usoni. Akaanza kusema: kwamba mtoto wa jirani ana viatu vinavyowaka taa, kwamba akiwa mkubwa atashona pazia refu kama barabara, kwamba siagi ina ladha ya mshumaa. Baba akacheka hadi machozi yakamtoka. Kifua kilimjaa ushindi. Alimwonea huruma mkewe aliyeacha macho yake mwenyewe akaazima ya wataalamu. Kisha akaosha kikombe, akaokota makombo moja moja shukani, akayatupa nje.

Mtu asiyejiona mkosaji haokoti makombo. Lakini hilo hakulifikiria siku ile.

Jumatatu alfajiri kifafa kilimkamata Chiriku na hakikumwachia. Dakika tano, kumi, ishirini. Dawa ya dharura ya nyumbani haikufua dafu. Baba alimbeba hadi barabarani, mwili mdogo ukipigapiga kifuani pake kama kitu kinachotaka kutoka, mama akikimbia pembeni akiushika ule mguu uliokuwa ukigonga hewa. Hospitali walifaulu kukituliza baada ya dakika hamsini na nne. Alipozinduka mchana, mkono wake wa kushoto ulikuwa mlegevu, na alipoonyeshwa kijiko alikitazama, akafungua mdomo, na neno halikuja.

"Linaweza kurudi," daktari alisema. "Mkono pia. Tutangoja tuone."

Mtaalamu wa lishe alikuja na kijiti cha kupimia mkojo. Rangi yake ilikuwa ya waridi iliyopauka, si zambarau. Aliwauliza wote wawili, bila ukali, kama mtoto alikula chochote nje ya mpango.

"Hakula," mama alisema. "Nilimpima mwenyewe. Kila kitu."

Macho ya yule mwanamke yakamgeukia baba. Baba alikuwa ameshika reli ya kitanda. Aliliona neno la kukiri likiwa pale, jepesi, la silabi chache, na akaona pia uso wa mkewe.

"Hapana," alisema.

Kuanzia hapo mama alianza kujishuku. Labda mizani imeharibika. Labda alichanganya krimu na maziwa. Labda dawa ya kifua ya wiki iliyopita ilikuwa na sukari asiyoiona. Kwa kuwa mtoto alitakiwa kuanza upya, tangu mwanzo kabisa, alipima kila kitu mara tatu, akiandika, akifuta, akiandika tena. Mikono yake, iliyokuwa ikipitisha uzi katika tundu la sindano bila kutazama, sasa iliongeza na kupunguza tonge lile lile la siagi. Alikonda. Alipolala alisema namba.

Baba aliyaona hayo siku tatu, nne. Mara mbili alifungua kinywa. Mara mbili alijikuta anauliza kama maji yapo ndooni.

Siku ya tano alisema, "Na mimi nitakula anachokula yeye. Asile peke yake."

Mkewe aliinua uso kutoka kwenye mizani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho yake yalilainika, akamgusa mumewe kwenye kiwiko. "Ahsante, Baba Chiriku," alisema. Mguso ule ulimchoma kama chokaa mbichi kwenye jeraha.

Alikula mayai, samaki, mboga za majani zilizoogeshwa mafuta, parachichi, siagi kwa kijiko. Siku ya kwanza alijiona mwepesi. Siku ya pili kichwa kikaanza kugonga nyuma ya macho. Siku ya tatu akajua.

Walikuwa wakipiga plasta dari ya darasa, yeye na fundi mwenzake waliyemwita Pimamaji, mzee mmoja asiyeamini jicho la mtu hadi aweke kipimo chake juu ya kazi. Plasta ya dari ni kazi ya mikono kukaa juu. Baba alinyanyua mwiko, na mwiko ukawa si wake. Nguvu zilimvuja mabegani kama maji kwenye gunia. Alibandika saruji, ikakatika, ikamwangukia usoni. Alibandika tena, ikakatika tena. Moyo ulimdunda kwa kazi ambayo jana yake angeifanya huku akipiga mluzi. Kisha mbao za jukwaa zikaonekana kupanda na kushuka, na mkono wa Pimamaji ukamdaka ukosi wa shati.

"Shuka," Pimamaji alisema.

"Nitamaliza upande huu."

"Utamaliza ukiwa chini ya udongo. Shuka, bwana."

Waliketi juu ya mifuko ya saruji. Baba akaeleza juu ya chakula. Pimamaji alisikiliza akijifuta mikono kwa tambara.

"Wewe una kifafa?"

"Sina."

"Sasa unatibu nini?"

"Nataka kujua anachokipata mtoto. Nilimwona amechoka nikadhani anakufa. Kumbe ndivyo unavyohisi. Unakuwa kama umetolewa mifupa, lakini akili ipo, inakutazama tu."

"Na ukishajua?"

Baba akaanza kuukwangua mwiko. Pimamaji alimkazia macho kidogo, kisha akaacha kumtazama, kwa adabu ya mtu aliyegonga ukuta akasikia ndani yake ni patupu.

"Usipande tena leo," alisema. "Dari nitaimaliza mimi."

Nyumbani mwili ulimfundisha mengine. Kichefuchefu kilikuwa kikali zaidi asubuhi, kabla ya kula, na kilipungua akinywa mchuzi mwepesi wenye chumvi. Mafuta mengi kwa mkupuo yalimgeuza tumbo, yakigawanywa, yalitulia. Kisha tumbo likafunga. Siku ya tatu bila choo alikaa msalani, jasho jembamba likimtoka, paji la uso limeegemea ukuta ambao yeye mwenyewe aliupiga plasta, na akajua kile kilio kidogo cha mwanawe kilitoka wapi.

Mlango uligongwa kwa chini, pale mtoto anapofikia.

"Baba. Lako nalo limefunga?"

"Limefunga, mama."

Kisha, kwa taabu, akiyatafuta maneno moja moja: "Usi... usisukume sana. Linauma zaidi."

Alfajiri ile baada ya kutoka msalani, baba alichukua daftari la hospitali juu ya cherehani, akatafuta namba, akasubiri saa za kazi zifike. Kwa mara ya kwanza akampigia mtaalamu wa lishe yeye mwenyewe. Alimweleza kwamba naye anakula chakula kile na kwamba nusura aanguke jukwaani, akauliza kama mwanafunzi aliyechelewa mwaka mzima. Yule mwanamke alimweleza kwa subira: maji yagawanywe kutwa nzima, si kwa vikombe vya kulazimisha, mboga za majani zilizomo kwenye mpango zisirukwe, mafuta yatawanywe katika milo yote, mchuzi wa chumvi kidogo, kwa kipimo atakachompa mama, na mtoto akijisaidia miguu isining'inie, ikanyage kitu.

"Na wewe," aliongeza, "kazi yako ni ya kupanda juu. Chakula hiki hakianzwi kienyeji hivyo. Kula chakula chako. Mtoto hakuhitaji uanguke."

"Nimekuelewa."

Alidhani amemaliza, lakini sauti ikarudi. "Mwambie Mama Chiriku asijitese na mizani. Nimeyapitia madaftari yake. Sijaona mtu anayepima vile. Kitu kiliingia, ndiyo. Katika kazi hii nimeona mara nyingi si mizani inayokosea. Huwa ni huruma ya mtu."

Yule mwanamke hakuuliza huruma ya nani. Baba alisikia simu ikikatwa, na bado akaishikilia sikioni.

Siku hiyo hakwenda kazini. Aliokota kipande cha ubao wa jukwaa, akakikata, akakisugua hadi kisibakize kibanzi hata kimoja, akatengeneza kijukwaa cha kukanyagia. Alimpa Chiriku maji funda kwa funda tangu asubuhi, akimsimulia uongo juu ya mtu aliyejenga nyumba bila mlango. Saa tano mtoto alikaa kwenye kiti kile, nyayo zikakanyaga ubao, na baada ya muda mrefu, na machozi machache, jambo likatendeka. Mama alipiga magoti pale pale sakafuni, akafunika uso kwa viganja. Hakuna aliyewahi kushukuru kiasi kile kwa kitu kama kile. Alipoinuka alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililomshinda baba nguvu.

Alimfuata jikoni. Mama alikuwa amekwisha kuweka kikombe juu ya mizani.

"Si wewe," baba alisema.

"Si mimi nini?"

"Mizani haikukosea. Jumapili ile ulipokwenda kufuata dawa, nilimpa mkate. Na chai ya sukari."

Mkono wa mama ulibaki hewani. Matone mawili ya krimu yakadondoka mezani, naye hakuyafuta.

"Mkate kiasi gani?"

"Vipande viwili."

"Alivimaliza?"

"Alivimaliza."

Alivuta pumzi, akaishikilia, kama afanyavyo mtu anayepitisha uzi. "Alifurahi?"

Baba alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: kwa kelele, kwa laana, kwa sahani. Hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Alifurahi," alisema. "Alicheka. Alisema atashona pazia."

Mama aliketi. Alitazama mikono yake yote miwili, juu na chini, kana kwamba amerudishiwa kitu kilichoibwa na hakijui tena.

"Nimekaa majuma mawili nikijiambia nimemharibu mwanangu," alisema. "Ulikuwa unanisikia ninapolala. Ulikuwa unanisikia, siyo?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Nilikushukuru."

Mama alikishusha kikombe kutoka kwenye mizani.

"Toka kidogo, Baba Chiriku. Sikufukuzi. Toka kidogo tu."

Alitoka, akaketi kizingitini. Nje mchana ulikuwa mweupe, watu wakipita na mambo yao, mwanamke mmoja akimkemea mbuzi kwa utani. Alijaribu kulia, kilio kikakataa. Alifikiria mkono ule mlegevu, uliokuwa umeanza kukunja vidole vitatu, si vitano. Alifikiria neno kijiko, ambalo Chiriku alikuwa amelipata tena juzi, na mengine ambayo hakuna aliyejua kama yamepotea, kwa kuwa mtoto hawezi kuulizia neno asilolikumbuka.

Kisha kikasikika kishindo sebuleni.

Walifika kwa pamoja kutoka milango tofauti. Chiriku alikuwa ameanguka ubavu, kofia imemkinga, macho yamepanda juu. Mama alimgeuza kando. Baba aliondoa kiti, akapiga magoti upande wa pili, akakitegemeza kichwa kidogo kwa kiganja. Midomo ya mama ilikuwa ikihesabu sekunde bila sauti, na baba akaitazama, akaanza kuhesabu naye, akijitahidi wafike kwenye namba moja kwa wakati mmoja. Thelathini. Thelathini na tano. Mwili ukastuka mara ya mwisho, ukalegea. Pumzi ndefu ikatoka.

"Arobaini na moja," mama alisema, akimwambia mtoto, au sakafu.

"Ni ya kwanza leo?"

"Ya kwanza tangu jana asubuhi."

Chiriku alilala pale pale, kama alalavyo kila baada ya kifafa, kichwa kwenye paja la mama yake na miguu ikiwa mizito juu ya magoti ya baba. Saa ya ukutani ilikwenda. Sahani ya mchana ilikuwa bado haijaandaliwa, na mmoja wao angelazimika kuinuka muda si mrefu. Baba alitaka kusema kwamba angeinuka yeye, lakini kufanya hivyo kungekuwa kuiondoa miguu ile, na hakuthubutu. Mama hakumtazama. Baada ya kitambo alisogea kidogo, mgongo wake ukaupata ukuta, na kando yake ikabaki nafasi ya mtu mmoja kuegemea. Kama aliiacha kwa ajili yake, au alikuwa tu amechoka, baba hakuweza kujua. Alibaki pale alipokuwa, amepiga magoti, akiitazama nafasi ile.